Iringa mjini si mahali pa kuchimba dawa na kuondoka

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa kazini, na hata baada ya kustaafu ualimu sijaliacha. Sijawahi kukuandikia. Mengi yanayonikera huwa nayaacha yapite. Lakini ile makala ya ukurasa wa utalii, iliyowashauri wageni wasimame Iringa mjini nusu saa tu, wajaze mafuta, wanunue maji, wachimbe dawa na kuendelea na safari ya Hifadhi ya Ruaha, imeshindwa kunitoka rohoni. Eti mjini hakuna cha kuona zaidi ya soko.

Aliyeandika vile hakushuka kwenye gari.

Mwezi uliopita nilitembelewa na mkwe mwenzangu kutoka Tanga pamoja na wajukuu wetu wawili. Alifika akitetemeka, maana mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na yeye amezoea joto la pwani. Makala yenu alikuwa ameisoma. Akaniambia, "Mama, kwa kuwa mjini hapana kitu, tupumzike tu nyumbani." Nikamwambia avae viatu vya chini na kesho yake asubuhi twende.

Tulianzia hapo hapo sokoni, ukungu haujaondoka. Ukiuliza mzigo umetoka wapi, soko linakufundisha mkoa mzima: nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, viazi na njegere za Kilolo, majani ya chai ya Mufindi. Halafu vikapu. Mama mmoja alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kisado cha maji kando yake. Anachovya vidole majini, anaivuta milulu, yale majani ya kusukia, anaikaza, anarudi kuchovya. Mjukuu wa kike akaomba kujaribu. Yule mama akamshika mikono yote miwili akamwonyesha, na mstari wa kwanza ukatoka mpindo mpindo. Hakuufumua. Alisema utabaki hivyo hivyo ndani ya kikapu. Pale tu tulikaa muda mrefu kuliko ule ambao mwandishi wako ameugawia mji wote.

Kutoka hapo tukatembea mitaa ya maduka ya zamani, zile nyumba zenye duka chini, makazi juu na baraza mbele, mafundi cherehani wamejipanga barazani. Tukaenda Boma, jengo la enzi ya Mjerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho. Tukapita makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, na hapo watoto wakaniuliza Wajerumani walifuata nini huku kwetu. Niliwaeleza jinsi walivyoivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894, jinsi Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alivyoendelea kuwasumbua porini hadi 1898, na jinsi fuvu lake lilivyorudishwa mwaka 1954. Liko Kalenga, njia hiyo hiyo ya Ruaha ambayo mwandishi wako anawahimiza watu waikimbilie. Sasa mgeni ataelewa nini akifika mbele ya fuvu lile bila kuuona kwanza mji ambao Wajerumani waliujenga baada ya kuichukua nchi ya Wahehe? Mchana tukala ugali wa moto na maharage Miyomboni, na jua lilipopungua ukali tukapanda jiwe la Gangilonga, mji wote uko chini, unahesabu mapaa.

Hata hivyo siwezi kuisifia siku hiyo nikaacha kusema kilichotupata baada ya kula. Mkwe wangu aliingia mtaroni. Barabara ilijaa bajaji, pembeni pikipiki zimeegeshwa mpaka kwenye ngazi za maduka, mtembea kwa miguu hana pa kukanyaga isipokuwa juu ya mifuniko ya mtaro, na mfuniko mmoja haupo. Haupo kabisa! Mguu ulizama hadi gotini kwenye maji meusi, goti likachubuka, mama wa watu, mzee, akakaa chini mbele ya watu huku kitenge chake kimelowa. Fundi cherehani na muuza ndizi ndio waliomnyanyua. Kutafuta maji ya kumnawisha na mahali pa kumsitiri abadili nguo ikawa safari nyingine: choo cha kwanza kimefungwa kwa kufuli, cha pili hakina maji, na kwenye hoteli moja ndogo tukaambiwa tununue soda kwanza. Mgeni amejeruhiwa, anaambiwa anunue soda kwanza! Alipewa hifadhi na mama muuza vitambaa, ambaye hata hakutuuliza tumetoka wapi. Na fundi aliniambia mfuniko ule haukuondoka jana. Wapita njia wamezoea kuruka. Tumezoea! Tunasema tunataka watalii, tunaweka mabango ya tembo na simba, na mzee hawezi kutoka mgahawani hadi dukani bila kuvunjika mguu.

Naomba mambo machache, na nayataja waziwazi ili asitokee wa kusema hakuelewa. Mifuniko ya zege yenye vishikio vya chuma, mizito kiasi cha kuinuliwa na watu wawili. Choo kimoja karibu na soko chenye maji, sabuni na mhudumu, tulipe shilingi mia tatu bila kunung'unika. Mabenchi mawili kivulini. Jumamosi mtaa mmoja tu wa vikapu ufungwe kwa magari na pikipiki tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, wale mama wakae katikati ya barabara na milulu yao.

Na mwandishi wako arudi. Asije na gari. Ashuke stendi, apande daladala hadi mjini, aanzie sokoni asubuhi na amalizie Gangilonga jioni, kisha aandike upya, ukurasa ule ule na ukubwa ule ule. Nitamwongoza mwenyewe bila malipo. Akipita upande wa mafundi cherehani aangalie chini: lile shimo nimelichomeka tawi la mkaratusi lenye kitambaa chekundu, na hadi naandika barua hii hajatokea mtu wa kuliziba.

Mwalimu mstaafu,
Kitanzini, Iringa