Nyumba kuukuu ikauke kwanza, samani zilizotumika zije baadaye

Ndugu Mhariri,

Kurasa za nyumba na mapambo zinaandika sana siku hizi juu ya kukarabati nyumba ndogo za zamani kwa vitu vilivyokwisha kutumika: milango, vigae, sinki, makabati, vioo. Sisi mafundi tunaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, kwani mbao ngumu ya zamani, iliyokauka miaka mingi, hupindapinda kidogo kuliko mbao mbichi inayouzwa mpya. Ila maelezo yenyewe huanza mahali pasipofaa. Huanza na kabati na rangi ya ukuta, ilhali kinachoharibu kazi hizi ni maji.

Kabla hujanunua chochote, jua unyevu unatoka wapi. Bandika ukutani kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30, uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande uliogusana na ukuta, maji yamo ukutani. Yakitokea upande wa chumbani, huo ni mvuke wa kupikia, wa kuogea na wa pumzi za watu, na dawa yake ni kupitisha hewa. Maji ya ukutani yafuatwe huko yanakotoka: mfereji wa paa uliopasuka, bomba linalovuja, au udongo uliorundikana nje ukapanda ukuta. Udongo wa nje uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hivi.

Kosa baya kuliko yote ni kuziba ukuta wa chokaa kwa lipu ya saruji. Ukuta wa mawe au matofali laini uliojengwa kwa chokaa hutoa unyevu wake kupitia usoni. Saruji huuzuia. Maji yakikosa njia hubaki nyuma yake, chumvi hujikusanya, chokaa ya zamani hugeuka unga, na mwishowe lipu hubanduka vipande vizima. Ukigonga ukasikia mlio wa uwazi, lipu hiyo imekwisha kuachia.

Rekebisha kwa chokaa: kipimo 1 cha chokaa kwa 3 za mchanga msafi wenye chembe kali. Usitumie mchanga wa ufukweni, una chumvi. Lowesha ukuta kwanza, kisha piga tabaka lisilozidi milimita 10, ulisubiri lishike ndipo uongeze la pili. Funika kwa magunia yenye maji kwa siku kadhaa. Chokaa huwa ngumu polepole kwa kunyonya hewa ya ukaa, na ikikaushwa upesi na jua au upepo hubaki unga tu. Vaa glavu na miwani ya kazi, maana huunguza ngozi na macho. Mwisho paka chokaa ya maji. Rangi ya mafuta juu ya ukuta huu itarudisha tatizo lilelile.

Milango ndiyo bidhaa tunayoipenda zaidi kwa wauza vitu vilivyotumika, na ndiyo inayonunuliwa vibaya zaidi. Fremu za nyumba za zamani hazina pembe mraba. Pima upana mahali patatu, juu, katikati na chini, na urefu pande zote mbili, kisha weka timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) kwenye miimo, yaani mbao za pembeni za fremu. Tafuta mlango unaozidi kidogo kipimo kikubwa, kwa sababu kupunguza ni rahisi na kuongeza huacha alama. Lakini usiondoe zaidi ya sentimita 1 kila upande. Ukikata sana juu au chini unazifikia ndimi za viungo, zile ncha za mbao zinazoingia kwenye matundu ya kuungia, na pembe hulegea. Acha nafasi ya milimita 3 pembeni na juu. Mlango mzito wa mbao ngumu utake bawaba tatu. Matundu ya skurubu yaliyopanuka yajaze vigingi vya mbao na gundi, kisha toboa upya tundu jembamba. Rangi ifike hadi ukingo wa juu na wa chini. Kingo hizo zisipopakwa hunywa unyevu, na mlango ukivimba watu huilaumu bawaba bure.

Rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usiikwangue kavu wala kuichoma moto. Tumia msasa wa maji, zoa kwa kitambaa chenye maji, na watoto wasiwepo. Kuutumbukiza mlango mzima kwenye magadi makali ili kutoa rangi pia si vizuri, gundi ya viungo huachia.

Wadudu wabunguao mbao wana ushahidi wao. Matundu peke yake hayatoshi kukataa kabati, huenda wadudu walikwisha kutoka. Liweke juu ya karatasi nyeusi siku chache: unga mpya mweupe ukidondoka, wadudu wako hai. Kwangua rangi na vanishi, paka dawa ya boroni kwenye mbao tupu, tena na tena nyuma na chini. Oili chafu ya injini isitumike kama dawa ya wadudu ndani ya nyumba. Hunuka, huchafua, na rangi haishiki juu yake. Godoro lililotumika usilinunue kabisa. Kochi kagua mishono na chini ya kitambaa kwa tochi, kwa ajili ya kunguni.

Vigae vya zamani nunua asilimia 15 zaidi ya eneo, kwa kuwa vingine vitavunjika na unene haulingani. Vichambue kwa unene kabla ya kulaza. Vile vya saruji vyenye maua visioshwe kwa asidi, hula uso wake. Sinki la kauri ligonge kwa kifundo cha kidole: zima hulia vizuri, lenye ufa hutoa mlio uliokufa.

Chumba kidogo kinahitaji vitu vichache vyenye miguu mirefu, sakafu ionekane chini yake. Kata magazeti kwa ukubwa wa samani uyatandaze sakafuni kabla ya kununua, ukikumbuka mlango wa kabati unavyofunguka. Pima pia mlango wa nyumba na kona ya ngazi. Makabati mengi mazuri yameishia kukatwa barazani.

Umeme ndipo tunapokataa vitu vya zamani bila mjadala. Swichi, soketi na nyaya zilizotumika zisirudishwe ukutani, kwani plastiki yake hukauka ikapasuka, na miguso iliyolegea hupata moto. Taa ya zamani inunue kwa umbo lake tu: toa waya wote na kishikio cha balbu, weka vipya, na kama mwili wake ni wa chuma, ufungwe waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja) na fundi umeme aliyesajiliwa kabla haijawashwa.

Wasomaji wenu,
Mafundi wa ukarabati