Masalu, ORM haitupwi

Nyegezi, Mwanza

Ndugu yangu Masalu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo. Doto hajambo, mama naye goti limepungua kumsumbua na kila akimwona mtu wa Sengerema lazima akuulizie. Natumaini wewe, shemeji na watoto nyote ni wazima. Nimekaa kimya muda mrefu, wewe umekaa kimya zaidi yangu, hayo tutayamaliza tukionana.

Nimepata nafasi ya kuandika kwa sababu mbalamwezi imeingia. Wewe ni mtoto wa ziwani, sina haja ya kukueleza: mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa vizuri, mitumbwi mingi inapumzika, na pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba panapoa. Giza likirudi hakuna atakayekaa. Mizigo itaingia tangu alfajiri, makarani watakuwa wanaandika kwa pamoja, na simu hazitakatika. Kwa hiyo siku hizi ndizo za kurekebisha mfumo, na ndizo za kukujibu ule ujumbe uliomtumia Shija, kijana wetu wa ofisini.

Shija alinionyesha. Umemwandikia, "Tupeni hiyo ORM, andikeni SQL wenyewe." Yaani tuache ile zana inayogeuza msimbo wetu kuwa SQL, lugha ya kuuliza kanzidata (ghala la data), tuiandike SQL kwa mkono. Masalu, kijana amelipokea neno lako kama la mzee wa ukoo. Amekuja ofisini na mpango wa kuandika upya mfumo wote wa kina Mama Neema, wateja wetu wa dagaa, jedwali kwa jedwali, kila kitu SQL ya mkono, na wenzake wamemuunga mkono. Sikubaliani nawe, na linaniuma kidogo kwa sababu vijana hawa wanakusikiliza wewe kuliko wanavyonisikiliza mimi. Ndiyo maana barua itakuwa ndefu.

Ngoja nikueleze kisa chenyewe, maana nadhani Shija alikupa nusu. Mfumo huu tuliurithi. Umeandikwa kwa Django, kiunzi cha lugha ya Python chenye ORM yake ndani, na mtu aliyekwenda zake zamani. Unaandika mizigo ya dagaa inayotoka mialo mbalimbali, Ukerewe, Kome na kwingineko, kila mzigo na mwenye mali yake. Ripoti ya jioni ilikuwa inachelewa kiasi kwamba Mama Neema anaifungua, anaagiza chai, anamaliza chai, ukurasa bado unazunguka. Shija akahitimisha kwamba ORM ni nzito. Akakuandikia, nawe ukampa hukumu kabla hujaona faili hata moja.

Nilikaa naye. Tukawasha kumbukumbu ya maswali (log) ili kila SQL inayokwenda kwenye kanzidata ionekane kwenye skrini, kisha tukaufungua ule ukurasa wenye mizigo 100. Ningependa ungeuona uso wa Shija. Mistari ilianza kushuka: SELECT (amri ya kuleta data) ya mizigo, sawa. Halafu SELECT ya mwenye mzigo wa kwanza kwa namba yake. Halafu SELECT ya mwalo wa mzigo wa kwanza. Halafu mwenye mzigo wa pili, mwalo wa pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Swali moja la kuleta mizigo, 100 ya kuleta majina ya wenye mali, 100 ya kuleta majina ya mialo. Jumla 201 kwa ukurasa mmoja, na seva ya kanzidata iko mbali, kila swali linakwenda na kurudi peke yake. Chanzo chake ni vipande viwili tu kwenye kiolezo cha ukurasa: mzigo.mwenye.jina na mzigo.mwalo.jina. Ukivisoma unadhani unachukua kitu kilichopo mezani, kumbe kila nukta inapiga hodi kwenye kanzidata, kwa sababu Django haileti jedwali la jirani mpaka uliguse.

Tukaongeza select_related('mwenye', 'mwalo') pale mizigo inapochukuliwa. Ni mstari mmoja. Django ikaandika yenyewe JOIN, amri ya kuunganisha majedwali, maswali 201 yakawa moja, na ukurasa ukafunguka papo hapo. Mama Neema alitaka kujua tumefanya nini, nikamwambia ilikuwa kama kumtuma kijana mwaloni akalete samaki mmoja, arudi, umtume tena kwa wa pili, mpaka tenga lijae. Akauliza, "Sasa aliyekuwa anamtuma hivyo ni nani?" Swali lake limenikaa kichwani. Hata hiyo SQL ya mkono unayoipenda ungeweza kuituma hivyo hivyo. Mimi na wewe tumeona mifumo ya PHP ambayo ndani ya lupu, msimbo unaojirudia, kuna SELECT, na hakukuwa na ORM popote. Kosa ni lile lile, ila huko ulikuwa unaliona kwa macho, na huku limejificha nyuma ya nukta.

Hapo kwenye kujificha ndipo nakupa haki yako, tena yote. Ulikuwa unatukumbusha kwamba Edgar Codd alipoeleza mfumo wa mahusiano mwaka 1970, akiwa IBM, aliifikiria data kama seti: unauliza kuhusu kundi zima na unajibiwa kundi zima. Objekti zinafikiri vingine kabisa, kitu kimoja kinamshika mwenzake, mwenzake anamshika mwingine. ORM inasimama katikati ya fikra hizo mbili, na kijana aliyeanza na ORM bila kupita kwenye SQL hajui kwamba kuna fikra mbili. Shija anaandika Django vizuri sana, lakini nilipomuuliza LEFT JOIN inatofautianaje na INNER JOIN alinyamaza. Alikuwa anahesabu mizigo kwa len(), yaani analeta safu zote hadi kwenye kumbukumbu (RAM) ya seva ili tu azihesabu, wakati count() ingeiachia kanzidata ihesabu na ilete namba peke yake. Na yale maneno ya Ted Neward ya mwaka 2006 unayopenda kuyarudia, kwamba ORM ni Vietnam ya sayansi ya kompyuta, unaingia kirahisi na kutoka inakuwa shida, siwezi kusema ni ya uongo. Ripoti ya mwaka ya kina Mama Neema, ile ya kulinganisha kila mwalo na mwezi uliotangulia, nimeiandika kwa SQL tupu. Kuilazimisha kwenye ORM kungezaa msimbo ambao hakuna angeuelewa baada ya wiki mbili. Django yenyewe inakuruhusu ufanye hivyo.

Lakini kutupa yote? Hapana, ndugu yangu. Chukua jambo la majina. Shija, kwa kukufuata, alianza na ukurasa wa kusajili wateja, akaandika INSERT (amri ya kuingiza data) kwa kuunganisha maneno: jina la mteja katikati ya alama mbili za kunukuu. Kwenye majaribio akaingiza Neema, Juma, Rehema, yote yakakubali. Halafu karani akaingiza Ng'wandu. Ikaanguka hapo hapo! Ile alama iliyo ndani ya Ng' imefunga nukuu kabla ya wakati, na kilichobaki kanzidata haikielewi. Masalu, sisi tuko Usukumani. Nusu ya daftari la wateja wa Magu na Kwimba lina Ng'. Na hapo ni mtu mwema aliyeandika jina lake halisi. Mwenye nia mbaya angeupitishia mlango huo huo amri ya kufuta jedwali. Najua utasema aliandika vibaya, alipaswa kupeleka jina kando kama kigezo. Kweli kabisa. Lakini ORM inafanya hivyo kila mara bila kukumbushwa, na mimi nina vijana wanaoanza kazi, sina akina Masalu wanne.

Kuna jingine lililonitisha zaidi ya ule ucheleweshaji, na hili Shija hakukuambia kwa sababu hata yeye hakuliona. Stoo. Yule aliyeuandika mfumo alikuwa anapunguza magunia hivi: analeta mzigo, anatoa idadi iliyouzwa kwa Python, anahifadhi kwa save(). Sasa weka makarani wawili. Stoo ina magunia 40. Wa kwanza anauza 10, wa pili anauza 15, wakati mmoja. Wote wawili wamesoma 40. Mmoja anaandika 30, mwingine anaandika 25, na anayehifadhi mwisho ndiye anayebaki. Ukweli ni kwamba stoo ina magunia 15. Siku za mbalamwezi hutaliona hata ukikesha. Giza likirudi na makarani wakiwa wengi, mfumo unaonyesha magunia ambayo hayapo, na anayeonekana mwizi ni mlinzi. Fikiria mtu anapoteza kazi kwa ajili ya save().

Dawa yake iko ndani ya ORM hiyo hiyo. Unaandika F('mabaki') - 10 kwenye update(), na kutoa kunafanyika kwenye kanzidata yenyewe, juu ya namba iliyopo wakati huo. Nimeongeza na sharti kwenye jedwali kwamba mabaki hayashuki chini ya sifuri. Pale tunapohitaji kusoma kwanza ndipo tuamue, tunaifunga safu kwa select_for_update() ndani ya muamala, yaani hatua zinazokamilika zote kwa pamoja au zisikamilike kabisa. Kuvijua vitu hivi vitatu kunahitaji uelewe kanzidata, ORM haikuambii uvitumie. Unaona ninavyorudi pale pale? Vijana wanahitaji vyote viwili. Ukiwapa ORM peke yake wanakuwa vipofu. Ukiwapa SQL peke yake wanaandika upya, vibaya, mambo ambayo wengine walishayamaliza zamani.

Halafu kuna mabadiliko. Kina Mama Neema hawakai na mfumo mmoja mwezi mzima bila kuomba kitu: leo wanataka kutenganisha dagaa waliokaushwa juu ya mchanga na waliokaushwa kwenye kichanja, kesho wanataka bei kwa faranga za Rwanda. Nikibadilisha klasi, ule msimbo unaoeleza jedwali, amri ya makemigrations inaniandikia hatua za kubadilisha jedwali, zinakaa kwenye faili, na kila mwenzangu anazipitia kwa mpangilio ule ule. Django ilizaliwa kwenye ofisi ya gazeti huko Lawrence, Kansas, ikatolewa hadharani mwaka 2005. Watu wa gazeti hawasubiriwi, habari ya leo lazima itoke leo. Naona ndiyo maana inatufaa, mwaloni nako hakuna anayesubiri.

Kama Django inakukera kwa kuficha mno, iangalie SQLAlchemy ya Mike Bayer, iliyotoka mwaka 2006. Ina tabaka mbili: chini iko Core, unajenga SQL yako kwa Python na unaiona ilivyo; juu yake ndiyo ORM, ukiitaka. Nadhani ingekufaa wewe kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ijaribu hata kwenye kile kikazi chako cha mizani, halafu tubishane vizuri.

Sasa ombi langu. Ukija likizo, nipe Jumamosi moja na hawa vijana. Nimeshaweka sheria ndogo ofisini: hakuna ukurasa unaopokelewa mpaka aliyeuandika aonyeshe maswali yake, na kurasa nzito tumeziwekea jaribio la assertNumQueries, maswali yakiongezeka kimyakimya jaribio linakataa. Lakini kusoma mpango wa EXPLAIN, unaoonyesha kanzidata inavyolitafuta jibu, kujua lini faharasa inasaidia na lini inachelewesha uandishi, kufikiri kwa seti, hilo hakuna anayelifundisha kama wewe. Bado nakumbuka ulivyonieleza GROUP BY kwa kalamu na karatasi ya nyuma ya mtihani. Wafundishe hivyo hivyo. Ila usianze kwa kuwaambia watupe kitu. Na tafadhali mwandikie Shija mapema, hata mistari mitatu, umwambie asimamishe ule mpango wa kuandika upya. Akisikia kwangu tu atadhani natetea kazi yangu.

Usafiri usiwe kisingizio. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, unatoka kwenu Sengerema unafika mjini bila kuwaza foleni ya feri. Mama amesema sato yako ipo.

Niambie basi: likizo yako inaanza lini? Utakuja na shemeji au peke yako? Ule ujumbe ulimwandikia Shija ukiwa na hasira na mfumo gani, maana najua hukuwa unazungumzia wetu? Huko Dar mnatumia nini siku hizi, bado ni Laravel? Na Eloquent yenu, ORM ya Laravel, mmeiwekea kizuizi cha kupakia kivivu, ile tabia ya kuleta jedwali la jirani likiguswa tu, au mnaiachia? Umewahi kuona mahali ORM ilipokwama kweli, pakawa hakuna njia ila kuiondoa? Kama upo mfano wa namna hiyo nautaka, nitausoma kwa makini. Na lile deni la Mabula, alikulipa?

Jibu kabla giza halijarudi, baada ya hapo hutanipata.

Wako,
Kulwa