Kwa Salim, kabla hujaingia kwenye kikao cha doria

Moa, Mkinga
Mwezi wa sita

Ndugu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama wewe, mama watoto na wazee wote wa Shimoni. Huku hatujambo, ila kusi imeshika, upepo haupumziki, na wenye vyombo vidogo wengi wamevipandisha juu wanatia kalafati.

Nimefurahi mno kusikia wavuvi wenzako wamekuchagua ukawasemee mbele ya Walinzi wa Pwani wa Kenya na maofisa wa kaunti. Umeniuliza sisi wa upande huu wa Tanzania tungependa lisemwe nini mle ndani. Kwa simu nisingemaliza, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Neno langu ni moja, na mengine yote yanatokana nalo: mkamzungumzie mvuvi mdogo. Ushirikiano wa nchi na nchi baharini upo, tena mwingi, lakini karibu wote umejengwa kwa ajili ya meli kubwa. Mwaka 2009 nchi za ukanda wetu zilitia saini makubaliano ya Jibuti dhidi ya uharamia. 2017 zikakutana Jeddah, zikayapanua yaguse magendo, uvuvi haramu na usafirishaji wa watu. Madagaska kuna kituo cha kukusanya taarifa za meli, Shelisheli kuna kituo cha kupanga operesheni. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Ila vituo hivyo vinafuatilia zaidi meli zenye mitambo ya kutoa ishara. Mashua ya mbao yenye watu wanne na mashine ya farasi 15 haionekani na mtu mpaka ikutane na boti ya doria, na hapo huhesabiwa kuwa kosa.

Basi anza na karatasi ambayo tayari ipo. Kenya na Tanzania ziliwekeana mpaka wa baharini kwa kuandikiana barua za kiserikali, ya kwanza Desemba 1975, ya kuijibu Julai 1976. Wengi wanajua habari za mstari tu. Lakini ndani ya makubaliano yale yale mna kipengele cha uvuvi: wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa kujikimu wanaruhusiwa kuvua ndani ya maili 12 za bahari kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo, na kila nchi itazitambua leseni, kanuni na desturi za mwenzake zinazowahusu wavuvi hao. Waliokaa mezani miaka ile walijua kwamba mtu wa Vanga kwenu na mtu wa Jasini kwetu wanavua mwamba mmoja, na wakaliandika.

Sasa muulize kijana yeyote wa doria, wa kwenu au wa kwetu, kama kipengele hicho amewahi kuonyeshwa. Simlaumu yeye. Amepewa boti, bunduki na amri ya kulinda mpaka. Hakupewa karatasi ile. Matokeo yake unayajua: vijana wa Vanga wanakamatwa huku, wa kwetu na Wapemba wanakamatwa huko, mashine inashikiliwa, samaki wanaoza kwenye mashua, na ndugu wanachangishana nauli na faini. Mvuvi akikaa bila mashine msimu mzima, watoto wake ndio wanaoacha shule. Naomba nakala ya makubaliano hayo, kwa Kiswahili, iwemo ndani ya kila boti ya doria kuanzia Gazi hadi Tanga, na nyingine ibandikwe ukutani kwenye kila diko, pale vyombo vinapoteremsha samaki. Hilo halihitaji mfadhili wala mkataba mpya.

Kuna pengo pia, nawe ulijue kabla hujaulizwa. Mvuvi wa dago kutoka Kojani, Pemba, anayepiga kambi kwenu msimu mzima na kuuza karibu kila anachopata, je, anahesabika kuwa anavua kwa kujikimu? Kwa maoni yangu ndiyo. Siku hizi hakuna anayekula samaki wake wote. Tunauza tununue unga na mafuta. Lakini ofisa anaweza kusoma vingine. Ukiona serikali ziko tayari kukaa upya, ombeni pengo hilo lizibwe, na mkae macho wasije wakaandika kitu kitakachotunyima hata tulichopewa na wazee. Na usidhani serikali haiwezi kubadilika. Wapemba wa Kwale na Kilifi waliishi Kenya vizazi na vizazi bila kitambulisho, hata leseni ya uvuvi ikawa taabu kuipata, mpaka mwaka 2023 serikali yenu ilipowatambua kuwa raia.

Nije kwenye uokoaji, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa hapa ndipo watu wanapokufa. Mkondo wetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi ikivuma unaweza kufikia maili nne za bahari kwa saa. Mlango wa bahari kati ya Pemba na bara nao ni kilindi cha mamia ya mita. Chombo kikizimika mashine mbele ya Moa alfajiri, jioni hakiko Tanzania tena, kiko kwenu. Kwa hiyo mtu wetu akipotea, wa kumtafuta ni ninyi, hata kama hakuna aliyekusudia iwe hivyo.

Mwaka jana yaliwakuta vijana wa hapa. Walitoka na faiba, boti ya plastiki ngumu, kuvua kwa mishipi, plagi zikaingia maji. Walivuta kamba ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka, mashine haikuitika. Wakatupa nanga, kamba ikaisha yote haijagusa kitu. Mmoja wao, mwenye akili ya bahari, akaifungia ndoo ile kamba na kuitupa mbele ya faiba ili ishike maji, chombo kielekeze kichwa kwenye wimbi kisipigwe ubavuni. Simu walikuwa nazo, tena zina chaji, ila mtandao ulikuwa unageuka, mara wa Tanzania, mara wa Kenya, na salio la huku huko halikuwafaa kitu. Huku pwani mama wa mmoja wao alikwenda kuripoti. Ofisi aliyokwenda, sitaitaja, ilimjibu kwamba kama chombo kimevuka basi kiko nje ya eneo lao, asubiri.

Waliowaokoa ni wavuvi wa Msambweni. Aliyetuletea habari ni mchuuzi wa samaki wa Vanga, aliyetuma picha yao kwenye kundi la WhatsApp la bei za samaki. Ile picha ilimfikia mama yule kabla ofisi yoyote ya nchi yoyote haijapokea taarifa rasmi. Namshukuru Mungu, na watu wa Msambweni nitawaombea dua maisha yangu yote. Lakini roho za watu haziwezi kuachiwa kundi la bei za samaki.

Na kinachoniuma ni kwamba sheria ipo. Mkataba wa kutafuta na kuokoa watu baharini, uliopitishwa Hamburg mwaka 1979, unazitaka nchi ziruhusu mara moja vyombo vya uokoaji vya nchi nyingine kuingia kwenye bahari yao kwa kazi hiyo tu, ombi likipitia kituo cha uratibu. Mkataba wa sheria ya bahari wa 1982, kifungu cha 98, unazitaka nchi jirani zishirikiane katika uokoaji pale inapohitajika. Kituo chenyewe kiko Mombasa tangu 2006, tena ni cha kanda nzima, na Dar es Salaam kuna kituo kidogo kinachofanya kazi nacho. Kutoka kwako Shimoni hadi Mombasa ni mwendo wa asubuhi moja. Lakini nani hapa Moa ana namba yake? Mashua gani ya kwetu ina redio ya kuita kwenye chaneli 16?

Anayetafuta chombo baharini hahitaji mengi: kilionekana wapi mara ya mwisho, saa ngapi, kina watu wangapi, kina rangi gani. Hiyo saa ndiyo kubwa kuliko yote. Mkondo na upepo vikijulikana, mtaalamu anakadiria chombo kimefika wapi. Taarifa ikichelewa nusu siku, eneo la kutafuta linapanuka mpaka boti moja haliwezi. Sasa ombi langu liseme wazi kikaoni: taarifa ya katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, kwa simu ya kawaida, ipokelewe Mombasa kama taarifa kamili, itoke Moa au itoke Vanga, bila mtu kuulizwa kwanza uraia wa aliyepotea. Kisha Mombasa iwape taarifa Dar es Salaam, na kazi ianze papo hapo. Barua za ofisi zifuate nyuma.

Hapo utaulizwa swali gumu, nami nataka uwe na jibu. Kwenu tangu 2018 kuna sheria moja na huduma moja ya Walinzi wa Pwani, makao yake Liwatoni, Mombasa. Rais Kenyatta aliizindua mwaka huohuo. Zamani kazi hiyo ilikuwa imetawanyika, na bado mnalalamika kwamba boti hazitoshi. Kwetu imetawanyika mpaka leo. Kuna Polisi Wanamaji, kuna jeshi la wanamaji, kuna TASAC, shirika la uwakala wa meli, kwa uokoaji wa Tanzania Bara, kuna maofisa uvuvi, na ukivuka kwenda Pemba unakutana na KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, na Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Zanzibar. Ofisa wa Kenya akitaka kumpigia mwenzake usiku, ampigie nani? Msiwasubiri wakubwa wetu waunde chombo kimoja. Hilo litachukua muda wake. Ombeni kila taasisi ya huku itaje afisa wa zamu na namba inayopokelewa saa zote, majina yabandikwe, yakibadilika yabadilishwe.

Wakikuambia haiwezekani askari wa nchi mbili kufanya kazi ndani ya boti moja, wakumbushe samaki wa Magufuli. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikivua bila leseni katika bahari ya Tanzania, na karibu tani 300 za samaki ndani. Magufuli alikuwa waziri wa mifugo na uvuvi, ndiyo maana samaki wale wakabeba jina lake. Watu wengi hawajui kwamba meli iliyoikamata ilikuwa ya Afrika Kusini, Sarah Baartman, na ndani yake walikuwamo wakaguzi wa Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya. Nchi nne kwenye sitaha moja! Kesi ilikuja kuharibika mahakamani kwa kasoro za utaratibu, Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu mwaka 2014, na hilo nalo ni la kuwaambia: kukamata vizuri kunataka na makaratasi mazuri, yaliyokubaliwa na nchi zote kabla boti haijatoka. Lakini baharini ile kazi ilifanyika. Kama iliwezekana kwa ajili ya jodari, iwezekane kwa ajili ya watu. Mwanamaji mmoja wa Kenya akae kwenye boti ya doria ya Tanga, mmoja wa Tanzania akae kwenye boti ya Shimoni. Mashua ikisimamishwa, yupo anayeisoma leseni ya kwao na anayemjua mzee wa diko lao.

Wasije wakadhani tunaomba doria ilegee. Tanga tumeumizwa na uvuvi wa baruti miaka mingi, na wewe umeona mwamba uliopigwa ulivyo: vifusi vyeupe, hata changu mdogo huoni. Mpiga baruti anaupenda mpaka kwa sababu akivuka anayemfukuza anageuza. Magendo ya karafuu na wauza dawa za kulevya hivyo hivyo. Wavuvi wa pande mbili ndio wanaowaona kwanza, na watasema, mradi wajue anayekuja kusikiliza hatawanyang'anya mashine kesho.

Nimekuwekea ndani ya bahasha orodha ya madiko ya upande wetu na majina ya makatibu, wote wamekubali namba zao zitumike. Wa Jasini anaomba muda wa kikao, akipata ruhusa aje mwenyewe kusikiliza. Ukitoka tu nipigie, hata kama ni usiku. Nisalimie mzee wako, mwambie kamba aliyoniagiza imepatikana Tanga, nitaileta nikija.

Wasalaam,
ndugu yako Hamisi