Risala ya Wanafunzi wa Kemia kwa Mgeni Rasmi: Kutafuta Dawa kwa Kompyuta, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa chuo, wahadhiri wetu na wageni waalikwa,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo, na tunakushukuru wewe kwa kuacha majukumu yako ukaja kutusikiliza. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu inajifunza kutafuta molekuli za dawa kwa kutumia kompyuta. Tulianza na malaria, maana vimelea vyake vimekuwa vikizizoea dawa moja baada ya nyingine. Klorokwini iliachwa, mwaka 2001 ikashika nafasi SP, nayo ikazidiwa, ingawa mama wajawazito bado hupewa kliniki kama kinga. Ndipo tukahamia Mseto, dawa mchanganyiko yenye dawa ya jamii ya artemisinini ndani yake. Sasa mkoani Kagera wamepatikana vimelea vyenye badiliko la kijeni linaloifanya artemisinini ichelewe kuviua.

Pirimethamini, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye SP, hujibana ndani ya tundu la protini iitwayo DHFR, ambayo kimelea hakiwezi kuongezeka bila hiyo. Ikibadilika asidi amino moja tu (kiungo kimoja katika mnyororo unaounda protini), ile ya 108, dawa haikai tena vizuri. Umbo la protini hiyo, ya kimelea sugu na ya kisicho sugu, limewekwa wazi mtandaoni. Sisi tunalipakua, kisha programu ya AutoDock Vina, ambayo ni ya bure, inaigeuza kila molekuli pande zote ndani ya tundu hilo na kukadiria itashika kwa nguvu kiasi gani.

Kazi yetu ya kwanza haikuwa kutafuta kitu kipya. Tulichukua molekuli ambayo mkao wake unajulikana kwa picha za eksirei za fuwele, tukaitoa, tukaitaka kompyuta iirudishe mahali pake. Ikikosea kwa zaidi ya angstromu 2 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), hesabu zinazofuata haziaminiki. Tunalisisitiza hili kwa sababu ni rahisi mno kuona alama nzuri ukatangaza umepata dawa. Molekuli inaweza kushika vizuri kwenye skrini, kumbe haiyeyuki kwenye maji, au ini linaiharibu, au inamdhuru mgonjwa.

Hata hivyo kutafuta dawa kwa kompyuta kumezaa matunda. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliifundisha kompyuta kwa molekuli zipatazo 2,500, nayo ikawaonyesha molekuli iitwayo halisini, ambayo iliua bakteria sugu maabara na ikatibu panya. Walifika hapo kwa kuwa walikuwa na mahali pa kupima kile kompyuta ilichopendekeza.

Mheshimiwa, hapo ndipo tulipokwama. Umeme ukikatika usiku, hesabu inaanza upya, na hilo tunalivumilia. Lakini orodha isiyopimwa haimponyi mtu.

Tunaomba utuunganishe na maabara yoyote nchini inayootesha vimelea vya malaria, ikubali kupima molekuli chache zitakazopita mchujo wetu. Tukipata na kompyuta moja yenye kadi ya grafiki na UPS yake (kifaa cha kuhifadhi umeme unapokatika), tutashukuru sana.

Tungependa baadaye kuchunguza pia miti ya dawa inayojulikana na wazee wetu wa Mpwapwa na Kondoa. Hatutaigusa kabla ya kuandikiana nao makubaliano kuhusu haki zao, kwani elimu ile ni mali yao.

Tunaomba kuwasilisha.