Barua ya Wazi kwa Waziri wa Michezo: Majina ya Timu Yetu ya Magongo ya Barcelona 1971 Yasomwe Siku ya Mashujaa

Mheshimiwa Waziri,

Kila tarehe 20 Oktoba taifa letu husimama kuwakumbuka mashujaa wake. Mwaka 1971, siku hiyo ikiitwa bado Siku ya Kenyatta, vijana wa Kenya walikuwa Barcelona, Hispania, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa la mpira wa magongo kwa wanaume. Mashindano yalianza tarehe 15 Oktoba, yakamalizika tarehe 24. Kenya ilimaliza ya nne duniani. Ninakuandikia kuomba majina ya wachezaji wale yasomwe hadharani Siku ya Mashujaa, na wale walio hai warekodiwe wakieleza wenyewe yaliyotokea, kabla hawajatutoka.

Mimi ni mwalimu, na jioni nafundisha wavulana mpira wa magongo. Kiwanja chetu ni cha nyasi, kimeinama upande mmoja, na mvua ikinyesha goli la chini hugeuka dimbwi. Siku moja niliwauliza vijana wangu ni timu gani ya Afrika iliyowahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wanaume katika mchezo huu wanaoupenda. Walitaja Afrika Kusini, wakataja Misri. Hakuna aliyetaja Kenya. Nilipowaambia, mmoja alidhani nawatia moyo tu ili wakimbie zaidi.

Siwalaumu, maana hawajawahi kuambiwa. Kwa hiyo niruhusu niyaandike hapa kwa ukamilifu wake.

Timu zilikuwa 10, na kutoka bara zima la Afrika ilikuwepo Kenya peke yake. Wazo la kombe lile lilitoka Pakistan na lilikuwa lichezwe huko, lakini uhasama kati ya Pakistan na India mwaka ule ukafanya lihamishiwe Barcelona. Kenya iliwekwa kundi moja na India, Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Ajentina. Tukatoka wa pili nyuma ya India. Ujerumani Magharibi, tuliyoiacha nyuma yetu, ndiyo iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki kule Munich miezi 11 baadaye. Uholanzi ilimaliza ya sita, Australia ya nane. Mtu yeyote anayeufuata mchezo huu leo akisikia kwamba Kenya ilizipita nchi hizo atakuomba urudie ulichosema.

Nusu fainali tulikutana na Hispania, wenyeji, mbele ya watu wao. Bao moja kwa bila likatutoa. Katika kutafuta mshindi wa tatu tukapangiwa India, nchi ambayo kufikia wakati huo ilikuwa na dhahabu saba za Olimpiki katika mchezo huu, na haikuweza kutumaliza ndani ya muda wa kawaida. Ilibidi muda wa nyongeza, ndipo wakatushinda 2-1. Kombe lilikwenda Pakistan. Tangu siku hiyo hadi leo hakuna timu ya wanaume ya Afrika iliyofika pale tulipofika sisi.

Nahodha wetu alikuwa Avtar Singh Sohal, ambaye wachezaji wenzake walimwita Tari. Alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Kati ya 1957 na 1972 aliichezea Kenya mechi 167 za kimataifa, idadi iliyomwingiza kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa. Surjeet Singh Panesar naye alicheza Olimpiki nne zilezile. Watu hawa hawakuokotwa njiani mwaka 1971. Kenya ilianza kwenda Olimpiki kwa mchezo huu mwaka 1956 kule Melbourne, ikawa ya saba Roma, ya sita Tokyo 1964, ya nane Mexico City 1968. Nyuma ya timu kulikuwa na klabu za Nairobi ambazo zilichuana kila wikendi, Sikh Union upande huu na klabu za Wagoa, watu wenye asili ya Goa kule India, upande ule. Shuleni mtoto alipewa gongo akiwa bado mdogo.

Niliwahi kumwona mzee mmoja aliyecheza katika klabu hizo enzi zile. Alikuja kutazama mechi ya vijana, akashindwa kukaa kitini. Alimwita beki wetu kando ya mstari, akamwambia, "Kijana wangu, mkono wa kushoto ndio unaogeuza gongo. Wa kulia ulegeze." Akamshika vidole, akavipanga kimoja kimoja juu ya utepe uliochakaa. Kisha akainama, magoti yamekunjwa, mgongo karibu ulale, akamwonyesha jinsi ya kuupokea mpira kwenye nyasi zenye mabonde: unaufuata kwa macho mpaka uguse ubao wa gongo, kwa sababu unaweza kuruka wakati wowote. Yule kijana hajabadilisha mshiko wake tangu siku hiyo. Mheshimiwa, elimu ya namna hii haimo katika mtaala wowote nilioukuta. Imo ndani ya watu wachache ambao sasa wana miaka zaidi ya 70 na 80.

Utaniuliza, kama tulikuwa wakubwa hivyo, tulianguka vipi? Tulianguka haraka. Kombe la Dunia lililofuata, Amstelveen 1973, tulishika mkia kati ya timu 12, na hatujarudi tena. Sababu ninazoziona ni tatu, na zinahusiana.

Kwanza watu waliondoka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara, maelfu ya Wakenya wenye asili ya Asia walihama, wengi wakielekea Uingereza. Waliondoka na watoto ambao wangechukua nafasi za kina Tari. Klabu zilibaki na viwanja na makombe kabatini, na wachezaji wakapungua.

Ya pili ni Montreal 1976. Kenya na nchi nyingine za Afrika zilisusia Olimpiki ile kupinga ziara ya timu ya raga ya Nyuzilandi katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki na ningeuunga mkono tena leo. Lakini kila uamuzi wa haki una mtu anayeulipia, na hapa walilipa wanamichezo wetu. Dhahabu ya mpira wa magongo mwaka ule ilichukuliwa na Nyuzilandi yenyewe. Mwaka 1980 tukasusia tena, safari hii Moscow. Wachezaji waliokuwa katika kilele chao mwaka 1976 walikuwa wamemaliza mchezo tuliporudi Los Angeles 1984.

Na hapo ndipo sababu ya tatu inapoumiza zaidi. Montreal ndiyo Olimpiki ya kwanza ambayo mpira wa magongo ulichezwa juu ya nyasi bandia. Mchezo ulibadilika ule mwaka tuliokaa nje. Juu ya zulia lile lililomwagiwa maji mpira hauruki ovyo, unateleza kwa kasi, na anayeshinda ni mwenye mbio na shuti zaidi ya mwenye kifundo cha mkono kilichozoea mabonde. Nchi tajiri zilitandika mazulia mengi. Nairobi ilipata lake pale City Park kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, miaka 11 baadaye. Vijana wa mikoani hadi leo hujifunza kwenye nyasi na murram, halafu wanapelekwa kwenye zulia siku ya mashindano makubwa.

Nimeyaeleza haya ili ujue kwamba ile nafasi ya nne haikuwa bahati, na kuanguka kwetu hakukuwa uvivu wa wachezaji.

Kuna jambo moja ambalo huwa tunalizunguka, na mimi nitalisema. Nadhani tumewasahau kwa urahisi kwa sababu wengi wao wanaitwa Singh na Fernandes. Kipchoge Keino tunamjua wote, na anastahili. Lakini Hilary Fernandes alivaa nembo ileile ya taifa katika Olimpiki tatu, na barabarani hakuna anayemjua. Mwaka 2017 Serikali ilitangaza rasmi kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44 la nchi hii. Kama ni wetu, basi ushindi wao ni wetu pia, na jamii hiyo isiachiwe kazi ya kuukumbuka peke yake katika kumbi za klabu zao.

Ombi langu halihitaji bajeti kubwa. Tuna Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya mwaka 2014. Tafadhali ofisi yako iwasilishe orodha nzima ya kikosi cha Barcelona, wachezaji na viongozi wao, chini ya sheria hiyo, wale walio hai na waliofariki. Orodha hiyo ichongwe kwenye ubao pale City Park, mahali ambapo kijana anayeingia uwanjani na begi lake la magongo ataiona.

La pili, atumwe mtu na kinasa sauti. Wengine wako Nairobi, wengine wako Uingereza na Kanada. Waulizwe kuhusu mechi ya India dakika baada ya dakika, waulizwe walikuwa wakifanya mazoezi lini na wapi baada ya kazi, na nani aliwanunulia viatu. Mazungumzo hayo yahifadhiwe Nyaraka za Taifa, na nakala itumwe katika shule zinazocheza mchezo huu, kuanzia St. Anthony's Kitale na Friends Kamusinga hadi zile ambazo bado zinaazima magongo.

Niko tayari kusaidia kazi ya kuwatafuta na kuwahoji, na najua walimu wenzangu ambao watajitolea. Tukianza mwezi huu, orodha inaweza kuwa mezani kwako kabla ya tarehe 20 Oktoba ijayo.

Wako mwaminifu,

Mwalimu na mkufunzi wa mpira wa magongo,
Kaunti ya Kakamega