Hoja ya Newdow ilikwama mlangoni

Mhariri,

Kila mjadala wa kutenganisha dini na dola ukigusa Marekani, husemwa kwamba Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwisha kuyahalalisha maneno "chini ya Mungu" katika kiapo cha bendera kinachosomwa shuleni. Si kweli, na anayetaka kufungua kesi ya namna hii anapaswa kujua kilichotokea hasa.

Michael Newdow, daktari wa wagonjwa wa dharura aliyesomea pia sheria, na asiyeamini kuwepo kwa Mungu, alifungua kesi mwaka 2000 dhidi ya wilaya ya shule za Elk Grove, California, alikosoma binti yake. Hakudai kwamba mtoto alilazimishwa kutamka kiapo; kulazimisha kulikatazwa tangu 1943, katika kesi ya Mashahidi wa Yehova wa West Virginia. Alichodai ni kwamba mwalimu, mtumishi wa serikali, anawaongoza watoto kukiri kuwa Mungu yupo huku binti yake ameketi akisikiliza. Juni 2002 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ilimkubalia, majaji wawili kwa mmoja.

Machi 2004 alijitetea mwenyewe mbele ya majaji wanane wa Mahakama ya Juu. Wa tisa, Scalia, alikuwa amejitoa kwa kuwa aliizungumzia kesi hadharani. Tarehe 14 Juni wote wanane waliutengua ushindi wake, lakini watano kati yao hawakuligusa kabisa swali la Mungu. Walisema mahakama ya California ilimpa mama uamuzi wa mwisho juu ya mtoto, na mama hakukipinga kiapo, hivyo baba hakuwa na haki ya kushtaki kwa niaba ya mtoto. Waliosema kiapo hakivunji Katiba ni watatu tu: Rehnquist, O'Connor na Thomas. Watatu kati ya wanane hawaweki sheria.

Kwa hiyo wakili makini huanza na hati ya ulezi wa mtoto kabla hajaandika mstari mmoja juu ya Katiba. Ikiwezekana, wazazi wote wawili wawe walalamikaji. Mtoto awe bado madarasa ya chini, kwa sababu kesi hizi huchukua miaka, na akihitimu kabla ya hukumu, ombi la amri ya kuzuia hufa papo hapo. Kinga yake ni kudai pia fidia ya alama tu, hata dola 1, kwa haki iliyokwisha kuvunjwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilikubali, majaji wanane kwa mmoja, kwamba dai kama hilo huiweka kesi hai. Hukumu hiyo ilipiganiwa na mwanafunzi Mkristo aliyezuiwa kuhubiri chuoni Georgia, na leo inawafaa wasioamini sawasawa na waumini.

Kushtaki kama mlipakodi, yaani kwa hoja kwamba kodi yako inagharimia dini, hakusaidii sana. Mlango huo ulifunguliwa na Mahakama ya Juu 1968, ukabanwa 2007, na unahitaji fedha zilizotengwa na Bunge. Maneno ya kiapo hayana bajeti.

Newdow alirudi 2005, safari hii pia kama wakili wa wazazi ambao ulezi wao haukuwa na utata. Jaji Karlton wa Sacramento aliwapa ushindi, kisha 2010 Kanda ya Tisa ile ile ikaugeuza, ikisema kiapo ni tendo la uzalendo. Hapo hoja yenyewe ilisikilizwa na ikashindwa.

Tangu kesi ya kocha wa shule ya Bremerton aliyesali uwanjani, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2022, kipimo cha 1971 cha kuamua kama serikali imeipendelea dini kimeachwa, na majaji wanatazama historia na desturi. Wengi wameona huo ndio mwisho wa kesi hizi. Kwa kiapo hiki, mimi nauona upenyo. Kiliandikwa 1892 bila kumtaja Mungu. Maneno hayo yaliongezwa na sheria ya 14 Juni 1954, na ripoti ya Baraza la Wawakilishi kuhusu muswada huo ilieleza waziwazi kwamba shabaha ni kuyakana mafundisho ya ukomunisti yanayomkataa Mungu. Waasisi wa taifa hilo hawakukijua kiapo hicho, na wakili atakayerudi mahakamani aiweke ripoti hiyo kuwa kielelezo chake cha kwanza.

Msomaji wako