Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Jaji Mfawidhi, Mahakama Kuu Kanda ya Mbeya: umri wa mtoto usikadiriwe kwa macho

Mheshimiwa Jaji,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Mwanjelwa, ninakouza viazi. Nakuandikia kuhusu namba moja tu: umri unaojazwa kwenye hati ya mashtaka.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, ambaye namlea mimi, alikamatwa kwa kuiba betri ya bajaji. Kosa alilikiri, na kwa hilo simtetei. Alikuwa na miaka 15, ila amerefuka kama baba yake. Aliyemwandikisha kituoni alimtazama, akajaza 18. Hakumuuliza amezaliwa lini. Akalala siku tisa na watu wazima, na mahabusu ya watoto ipo hapahapa Mbeya.

Nilipanda basi la alfajiri kwenda Tukuyu kufuata kadi yake ya kliniki. Dada huitunza kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Kona zimeliwa na panya, lakini tarehe ya kuzaliwa inasomeka, na chanjo ya surua ya miezi tisa ipo. Hakimu aliisogeza dirishani, akaigeuza mara mbili, akaagiza jalada liende Mahakama ya Watoto. Namshukuru mpaka leo. Huko kesi ilisikilizwa faraghani, nimekaa pembeni yake, afisa ustawi wa jamii yupo, na mtoto akajieleza kwa kinywa chake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufungwa jela. Kwa hiyo namba ile ndiyo inayoamua kati ya gereza na shule ya maadilisho ya Irambo. Kifungu cha 113 kinaitaka mahakama ichunguze umri wa anayeonekana kuwa mtoto. Sasa aliyerefuka nani atamwona mtoto? Na huku kwetu wengi hawana hata cheti cha kuzaliwa.

Naomba mahakimu wa kanda yako waulize siku ya kwanza kabisa: umri huu umetoka wapi? Kwenye cheti, kadi, kwa mzazi, au kwa kukadiria? Jibu liandikwe kwenye mwenendo wa shauri. Mahakama ikiusahihisha, nakala ya amri ipelekwe kituoni, daftari la kule nalo lisahihishwe.

Kijana yuko chini ya uangalizi, amerudi shule. Siku moja ataenda polisi kuomba cheti cha tabia njema apate kazi, na mpaka leo sijui kama ile 18 imeshafutwa.

Wako mtiifu,
Mama mlezi, Mwanjelwa